Nati Ni ya Nani?

Leo nataka tuongee juu ya keria.

Ndiyo, keria ya pikipiki, kile chuma cha nyuma unachofungia gunia la kahawa au mzigo wa mama anayetoka soko la Runyenjes. Kila asubuhi naona mkituma maombi hapa ya kukemea roho ya ajali barabara ya Embu kwenda Meru. Ombeni, msiache. Lakini kuna keria zinapita pale mjini zikilia kama debe, na kinacholia si roho. Ni nati.

Keria inashikwa na bolti chache tu. Kwa zile barabara zetu za ndani za Kyeni na Kagaari, pikipiki inatetemeka kutwa nzima, na mtetemo unafungua nati pole pole. Kahawa ikiiva, Oktoba hadi Desemba, mzigo unaongezeka na bolti ni zile zile. Nati moja ikitoka, zilizobaki zinabeba yote. Bolti ikikatika mzigo unalala upande mmoja na kumvuta dereva. Kama kati yao kuna mtoto wa shule, malizia mwenyewe.

Mafundi wetu wanajua dawa. Nati ya pili juu ya ile ya kwanza, ambayo pia inamchelewesha mwizi wa keria. Au ile nati yenye plastiki ndani. Hiyo ukishaifungua nunua nyingine. Ukimaliza kukaza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Siku mistari isipokutana, nati imezunguka, na umejua bila kushika spana. Kuchomelea keria kwenye fremu sikupendi kabisa. Moto unadhoofisha fremu.

Hizo zote ni shilingi chache. Kwa nini basi hazifanyiki?

Kwa sababu vijana wengi wanaendesha pikipiki isiyo yao. Ni ya mwalimu, ni ya mwenye duka, ni ya mzee wa kanisa. Jioni kijana analeta pesa. Nati ikipotea, mwenyewe anasema, "Si wewe unaendesha?" Kijana naye anasema, "Si yangu." Keria inaendelea kulia.

Mimi nasema nati ni ya mwenye pikipiki. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba azungushe ukuta mdogo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu ikahesabiwa juu ya nyumba hiyo. Aliyeagizwa ni mwenye nyumba, si mgeni aliyepanda juu. Kijana ana sehemu yake: kuangalia kila asubuhi, na kusema. Najua wako wanaoharibu kwa uzembe, sikatai. Lakini kijana anayejua atakatwa pesa hawezi kukuambia kwamba kitu kimelegea. Atanyamaza na apakie mama yako.

Mnyororo pia ni wako wewe mwenye pikipiki. Usiku wa kesha naona pikipiki nje zimefungwa usukani tu. Wanaume wawili wanaiinua hiyo kwenye pikapu kabla hatujamaliza wimbo. Mnyororo upite kwenye fremu, maana gurudumu hufunguliwa, na ufungwe kwa kitu kisichobebeka. Pikipiki ikipotea, wa kwanza kushukiwa ni yule kijana, na anaweza kulala seli kwa mnyororo ambao wewe hukununua.

Jumapili baada ya ibada ya pili, fundi atakuwa nje ya kanisa na spana namba 12 na 14, washa na rangi. Kanisa litalipa. Kabla ya kesha ijayo tutasimika bomba la chuma kwa simiti kando ya lango, la kufungia minyororo. Wenye pikipiki, mje wenyewe. Msitume vijana.