Baiskeli si Tour de France tu

Julai 2024, nyota wa Tour de France walishindana na saa kwa kilomita 25.3 katikati ya mashamba ya zabibu ya Burgundy, kutoka Nuits-Saint-Georges hadi Gevrey-Chambertin. Remco Evenepoel akaibuka kidedea. Barabara zilifungwa kwa ajili yao. Shughuli ilipoisha, magari yakarudi.

Lakini somo kubwa lipo kusini zaidi, kati ya Givry na Cluny. Njia ya reli iliyokufa iliwekwa lami, na tangu 1997 ni ya baiskeli na waenda kwa miguu. Hakuna lori, hakuna honi. Babu na mjukuu wananyonga baiskeli kwa raha zao, zabibu pembeni.

Medali ni za wachache. Taifa la baiskeli huanzia hapa, mtoto anapojifunza bila mama yake kukaa roho mkononi.