Ramani Kamili ya Keja Yako Iko kwa Kompyuta ya Nani?

Kabla utume depo ya ile keja mpya, uliza ajenti swali moja tu: mabomba na nyaya za stima zimepita wapi ndani ya ukuta? Atakucheka. Usimlaumu, hata mwenye ploti hajui. Aliyejua ni fundi, na fundi alishahamia mjengo mwingine.

Hapo ndipo stori ya BIM inaingia. Si bimu ya simiti, tulia. BIM ni kujenga nyumba nzima kwa kompyuta kwanza, kila nguzo, bomba na mlango ukiwa na vipimo vyake. Bomba la choo likigongana na bimu, linagongana kwa skrini. Wakigundua hiyo kitu kwa mjengo wakiwa wamechelewa, kuna msee atachukua nyundo atoboe bimu, na hiyo bimu ndiyo imekubeba wewe wa ghorofa ya tano.

Wengi wakisikia BIM wanadhani ni programu ya kununua. Bei yake ni moto, ndio, lakini kazi ngumu ni kushare. Msanifu anatuma PDF kwa WhatsApp, injinia anaichora upya, kesho msanifu anasongesha ukuta na haambii mtu. Kila mmoja ako na ramani "ya mwisho", na hazifanani. Na si roho mbaya. Msanifu anaogopa modeli yake itajengwa ploti ingine bila yeye kulipwa. Injinia anajiuliza, nikibadilisha kitu kwa faili ya wote na mambo yaende mrama, nani atapelekwa kortini? Mkataba umenyamaza.

Faili kukataa kufunguka si kisingizio tena, kuna formati ya wazi inaitwa IFC. Kanuni za nani anampa nani data gani, na lini, ziko kwa ISO 19650 tangu 2018. Kinachokosekana ni mwenye pesa kusema mapema, kwa maandishi, kwamba anataka hiyo modeli.

Uingereza walianza kudai BIM kwa miradi ya serikali kuu 2016. Mwaka uliofuata Grenfell Tower, jumba la zamani la London, likawaka na watu 72 wakafa. Uchunguzi ulisema wazimamoto hawakuwa na ramani za ndani ya jengo hadi moto ulipokuwa umefika mbali. Sheria yao ya 2022 sasa inataka majumba ya makazi ya ghorofa 7 kwenda juu yawe na rekodi ya kidijitali inayofuata jengo maisha yake yote. Ghorofa 7! Pita Pipeline uhesabu.

Tusidanganyane, BIM haingeokoa lile jengo la Huruma lililoanguka Aprili 2016. Hilo halikuwa hata na idhini, sasa ungeshare nini? Lakini kwa haya yenye karatasi, Nairobi tayari inapokea ramani kwa mtandao. Shida ni kwamba iliyoidhinishwa na iliyojengwa zinaweza kuwa nyumba mbili tofauti, na ile ya pili haina faili popote.

Kama unanunua nyumba ambayo bado ni shimo na mabati, mwambie wakili wako aweke kwa mkataba: siku ya funguo, nipewe pia ramani ya vile nyumba ilijengwa, si vile ilichorwa.