Lishe ya mtoto anyonyaye huanzia kwenye sahani ya mama

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake na wote waliofuata nyayo zao kwa wema. Ama baad.

Ndugu Waislamu, makala yetu ya Ijumaa ya leo inahusu swali ambalo wazazi wa milima ya Usambara, na hasa wale wa Rangwi wilayani Lushoto, wamekuwa wakituuliza mara kwa mara baada ya darsa. Je, mtoto mchanga anayenyonya apewe vitamini za chupa zinazouzwa madukani? Wapo wanaoona kuwa baba asiyemnunulia mwanawe chupa hiyo ni bahili. Wapo pia wanaoona kuwa kumpa mtoto chochote zaidi ya maziwa ya mama yake ni kuitilia shaka riziki iliyoandaliwa na Muumba. Sisi tunaona kuwa makundi yote mawili yamepotoka njiani, na kwamba katika ubishi wao wamemsahau mhusika mkuu, naye ni mama anayenyonyesha.

Aya inamsemesha baba pia

Katika Suratul-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu (S.W.) amewaelekeza akina mama wawanyonyeshe watoto wao miaka miwili kamili, kwa anayetaka kukamilisha unyonyeshaji. Wengi wetu tukifika hapo tunasimama. Tunamkumbusha mama wajibu wake, kisha tunafunga msahafu.

Lakini aya haikuishia hapo. Inaendelea kumbebesha baba jukumu la chakula na mavazi ya mama huyo kwa namna inayokubalika, pasi na kumkalifisha mtu zaidi ya uwezo wake. Inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba vilevile. Tena inawataka wazazi washauriane na waridhiane hata katika suala la kumwachisha mtoto ziwa. Wafasiri wametueleza kuwa haki hii ya matunzo inamhusu hata mama aliyekwisha kuachwa, maadamu ananyonyesha mtoto wa mwanamume huyo. Ikiwa aliyetoka nyumbani ana haki hiyo, basi aliye ndani ya nyumba atakosaje?

Hapa ndipo ulipo msingi wa jibu letu. Mwenyezi Mungu alipotaja maziwa ya mtoto, alitaja papo hapo chakula cha mama. Vitu viwili hivi havitenganishwi na sheria, na wala havitenganishwi na elimu ya tiba.

Yaliyomo katika maziwa hutoka wapi?

Wataalamu wa lishe wanatufundisha kuwa maziwa ya mama pekee humtosheleza mtoto mwenye afya kwa miezi sita ya mwanzo, bila maji, bila uji na bila dawa za chango zisizoelekezwa na mganga wa kituo. Baada ya hapo huongezewa vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Tazama, ndugu msomaji, jinsi muda huo unavyolingana na ule uliotajwa katika aya.

Hata hivyo, si kila kilichomo katika maziwa hubaki vilevile mama akila na asipokula. Chokaa ya kujengea mifupa haipungui upesi katika maziwa, kwa sababu mwili wa mama huitoa katika mifupa yake mwenyewe ikibidi. Lakini vitamini A, vitamini kadhaa za kundi B na madini joto hufuata hali ya mama. Mama akiwa navyo, maziwa huwa navyo; akipungukiwa, mtoto naye hupungukiwa. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2001, uliofanywa miongoni mwa wajawazito wa vijijini hapa Tanzania, ulionyesha kuwa waliotumia mafuta mekundu ya mawese walikuwa na viini vingi zaidi vya vitamini A katika maziwa yao. Badiliko la sufuriani lilionekana katika ziwa.

Sasa tuitazame Rangwi. Milima ya Usambara ni bustani ya mkoa wa Tanga na ya nchi nzima. Karoti, kabichi, viazi, maharage na matunda hupakiwa katika magari, yakateremka kupitia Soni hadi Mombo, na kutoka hapo yakaenda kulisha watu wa Tanga na Dar es Salaam. Ng'ombe anakamuliwa alfajiri na maziwa yanakwenda kuuzwa. Jioni, mama aliyelima, akapalilia, akabeba kuni na kunyonyesha usiku kucha, anakaa kula ugali kwa mboga chache zilizobaki, tena baada ya wengine kushiba. Mwili wa mama anayenyonyesha unahitaji takriban kilokalori 500 za ziada kila siku. Je, tumemwongezea nini? Kisha mtoto akidhoofu, baba huyohuyo anachukua fedha za karoti na kwenda dukani kununua chupa ya vitamini! Ameuza chakula, akanunua kivuli chake.

Hatusemi biashara ni haramu. Mazao huuzwa, na watoto wengine wanasubiri ada na sare za shule. Tunalosema ni kwamba kabla gunia halijafungwa, litolewe fungu la mama. Karoti, boga na majani yake, mchicha na viazi lishe vya rangi ya chungwa vina viini vya vitamini A. Vipikwe kwa mafuta kidogo, kwani vitamini hiyo huchukuliwa vyema mwilini pamoja na mafuta. Yai, kikombe cha maziwa na dagaa humpa vitamini B12, ambayo mboga za majani hazina. Maharage humwongezea nguvu, na chumvi iwe ile yenye madini joto.

Yale yanayohitaji nyongeza

Baada ya kusema hayo, tusije tukawa kama yule anayekimbia moshi akaingia motoni. Yapo mambo ambayo chakula cha mama hakiyamalizi, na kuyakataa si tawakali. Mtume (S.A.W.) amewaelekeza waja watafute matibabu, na Qur'ani imetuamuru tuwaulize wenye ujuzi katika tusiyoyajua.

Kwanza, vitamini K, inayosaidia damu kuganda. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo mno, na maziwa ya mama yana kiasi kidogo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto mchanga apewe miligramu 1 kwa sindano baada ya kuzaliwa, ili kumkinga na uvujaji wa damu. Aliyejifungulia nyumbani hukosa kinga hiyo, nayo ni sababu mojawapo ya kumpeleka mama kituoni mapema.

Pili, vitamini D, ambayo upungufu wake huleta matege na mifupa laini. Hii ni kidogo katika maziwa ya mama aliye wengi, na chanzo chake kikuu ni jua kuifikia ngozi. Wataalamu wametofautiana. Tangu mwaka 2008 jumuiya ya madaktari wa watoto wa Marekani imeshauri kila mtoto anyonyaye apewe yuniti 400 kwa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, halikupendekeza jambo hilo liwe la kawaida kwa kila mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni, isipokuwa ndani ya utafiti.

Msomaji wa Tanga mjini au Pangani anaweza kusema jua tunalo tele. Jua lililo angani halimfai aliyefunikwa. Yemen na nchi za Ghuba zina jua kali, na bado madaktari wa huko wamewaona watoto wenye matege. Ethiopia, nchi ya milima kama Usambara, nayo imeyaona. Rangwi kuna baridi na ukungu, na mtoto hufungwa kanga na blanketi hadi uso, akakaa ndani siku zote arobaini na zaidi. Mama naye, akitoka, amejistiri. Hatuisemi stara kwa ubaya. Stara ni amri na heshima. Lakini uani kwake, mbele ya maharimu zake, mama anaweza kukaa na mwanawe ukungu unapotoka, mikono na miguu ya mtoto ikiwa wazi kwa dakika chache, pasi na kumwunguza wala kumweka kwenye baridi. Kioo cha dirisha hakitoshi, kwa kuwa huzuia miale inayohitajika. Na mama ambaye hapati jua kabisa, au mwenye mtoto anayechelewa kukaa na kusimama, amweleze mganga. Hapo matone ya vitamini D yanaweza kuwa dawa ya haki.

Tatu, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo sana. Huyu huweza kuhitaji vitamini na madini ya chuma mapema, kwa kipimo cha daktari. Jirani asimwambie mama yake kuwa ameharibu unyonyeshaji. Matone ya vitamini au dawa iliyoelekezwa na mganga hayahesabiwi kuwa ni kumlikiza mtoto.

Matone ya miezi sita

Nne, vitamini A. Hapa wazazi wengi huchanganyikiwa, kwa sababu jambo lenye manufaa kwa wakati wake limedhaniwa kuwa na manufaa kwa kila wakati. Utafiti mkubwa uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 uliwahusisha watoto wachanga wapatao 32,000. Baadhi walipewa yuniti 50,000 za vitamini A mara tu baada ya kuzaliwa, na wengine hawakupewa. Haikuonekana kuwa vitamini hiyo ilipunguza vifo vyao.

Lakini kuanzia miezi sita mambo hubadilika. Serikali yetu hutoa matone ya vitamini A kila miezi sita, mwezi wa Juni na Desemba, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mwenye miezi 6 hadi 11 hupewa yuniti 100,000, na aliyetimiza mwaka hupewa 200,000. Upungufu wa vitamini hii hupofusha macho na kumfanya mtoto azidiwe na surua na kuharisha. Basi anayeficha mtoto siku hiyo, huku akimnunulia chupa siku nyingine, amekataa cha bure chenye kipimo na kununua asichokijua kipimo chake.

Wapo ndugu wanaohofia kuwa ganda la kidonge hicho limetengenezwa kwa kitu kisicho halali. Tunawatoa wasiwasi: mhudumu hukata ncha ya kidonge, akakamulia mafuta yaliyomo katika kinywa cha mtoto, na ganda likatupwa. Mtoto halimezi.

Tena ieleweke kuwa vitamini A na D si kama maji, ambayo yakizidi hutoka. Hujilimbikiza mwilini. Vitamini A ikizidi, mtoto huweza kutapika na utosi wake ukavimba. Kwa hiyo mama apeleke kadi ya kliniki kila mara, na kama kuna chupa nyumbani aioneshe. Kupenda sana si kupimia sana.

Wajibu wetu sote

Tunawausia akina baba wa Rangwi, na wa kila mahali, wasilifanye suala hili la wanawake peke yao. Baba aulize, mke wangu amekula nini leo? Swali hilo ni sehemu ya matunzo aliyowajibishwa. Apunguze mzigo wake shambani ili apate nafasi ya kumnyonyesha mtoto. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, akumbuke kuwa mama anayenyonyesha, akihofia nafsi yake au mwanawe, ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, aliyefungulia kwa kumhofia mtoto peke yake huongeza fidia ya kibaba kimoja kwa kila siku. Ruhusa ni sadaka ya Mola, na si vyema kumtia mama haya kwa kuipokea.

Tunawausia pia bibi na mama wakwe, walio hazina ya malezi yetu. Uji wao mwepesi na dawa ya chango vilitolewa kwa huruma. Huruma hiyo leo iuelekee upande wa mama: bakuli la makande, supu, na mapumziko. Na maimamu watangaze siku za matone mimbarini kama wanavyotangaza mambo mengine ya kheri, kwani hifadhi ya nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sheria yetu.

Basi atakayetuuliza tena kuhusu chupa ya vitamini, tutamjibu kwa maswali. Mama amekula? Mtoto ameliona jua? Kadi yake inasemaje? Mganga ameagiza? Akishayajibu hayo, kama bado chupa inahitajika, ainunue kwa jina la Mwenyezi Mungu na kwa kipimo alichoambiwa.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape afya akina mama wanaonyonyesha, awakuze watoto wetu katika siha na uchamungu, na awape akina baba moyo wa kutimiza haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.