Tusiwauzie Maskini Maji kwa Bei ya Moto



Husemwa kwamba makala ya takataka hayawaki. Tunayakataa maneno hayo. Maganda ya kahawa, maganda ya ndizi na unga wa mbao, vikichomwa katika hewa haba, vikasagwa, vikachanganywa na uji wa muhogo na kushindiliwa, huwaka vizuri. Yasiyowaka ni yale yaliyouzwa mabichi.

Moto una sheria yake, wala hauhongwi. Kabla ya kuipasha sufuria, hutumia nguvu zake kufukuza maji yaliyomo ndani ya donge. Maharagwe hayaivi, moshi hujaa jikoni, mama hukohoa pamoja na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2. Tena unyevu huongeza uzito: auzaye kwa kilo makala yasiyokauka anauza maji kwa bei ya moto. Kitabu cha Mithali hakimwonei haya mwenye mizani ya hadaa. Nasi tusimwonee haya, hata akiwa mwanakikundi mwenzetu.

Wengine hujitetea: mvua ni nyingi, jua la Butembo ni la kubahatisha, wanunuzi wanangoja. Udhuru huo hautoshi. Vichanja vya matete vilivyoinuliwa juu ya ardhi, paa linalozuia mvua na kupisha upepo, na siku za kutosha: hayo hayahitaji mfadhili. Kipimo nacho ni chepesi. Pimeni donge lile lile kila siku. Uzito ukiacha kupungua, limekauka.

Twasema kwa ukali kwa sababu mama aliyedanganywa mara moja atarudia makala ya msituni. Misitu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, imeliwa mno na biashara hiyo. Na tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limezika watu waliouawa mashambani na njiani. Huko, kwenda kutafuta kuni ni kuhatarisha uhai. Papa Fransisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, aliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Kwetu vilio hivyo viwili vinasikika katika jiko moja.

Basi kikundi kisichoweza kungoja makala yakauke, kisiyauze. Jina la parokia lisibandikwe kwenye gunia la maji.