MUNGU HAONI AIBU KUTAJA CHOO. WEWE JE?



Fungua Kumbukumbu la Torati 23, usome mstari wa 12 hadi 14. Mungu mwenyewe anawaagiza Waisraeli namna ya kwenda haja: watoke nje ya kambi, wabebe kitu cha kuchimbia, wafukie. Nimehubiri miaka mingi na sijawahi kuhubiri kutoka hapo. Pale Mungu haoni aibu, sisi tunaona.

Aibu hiyo ilituzikia mzee wa kanisa. Mwaka mzima aliona damu kwenye choo akanyamaza. Alipoenda zahanati aliambiwa ni bawasiri, akapewa dawa ya kupaka. Akaja kwangu. Nikampaka mafuta, nikamwambia aamini tu, na sikumuuliza swali hata moja. Siku alipopimwa kwa kamera, saratani ya utumbo mpana ilikuwa imeshafika kwenye ini. Tulifanya harambee mbili, na ya pili ilikuwa ya mazishi.

Sasa nisikilizeni, hata ninyi wachungaji wenzangu mtakaokuja kunitukana inboksi. Saratani hii mara nyingi huanza na kinyama kidogo ndani ya utumbo, kisichouma, na kwa kawaida huchukua miaka kama 10 kugeuka saratani. Kikionekana mapema kinakatwa. Miaka 10! Muda wote huo tumepewa, na tunautumia kuona haya.

Kipimo cha kwanza hakitishi. Unapewa kichupa na kijiti, unachukua choo kidogo ukiwa nyumbani, unarudisha, wanaangalia kama kuna damu isiyoonekana kwa macho. Ikipatikana haimaanishi una saratani. Ina maana uende ukaangaliwe kwa kamera. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa 2018 unataka tuanze kupimwa tukifika miaka 45, hata kama hatuumwi. Na ukiona damu, usingoje umri wala kampeni. Nenda kwa daktari.

Lakini hebu kaulize kipimo hicho kwenye zahanati ya kwenu. Mimi niliuliza, nesi akanitazama kana kwamba nimeuliza bei ya ndege. Mwaka 2023 serikali ilituma wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 milangoni petu, na mikoba ya kupimia presha na sukari. Jambo jema, mamangu amepimwa hivyo. Basi kwa nini kichupa kile kisiingie kwenye mkoba huo huo? Kwa nini mama wa shamba apoteze siku na nauli kwenda mjini kwa jambo la kufanyia chooni kwake? Na akipatikana na damu, apewe tarehe ya kamera, si karatasi ya kukunja kwenye Biblia miezi sita.

Kuna atakayesema mchungaji ameishiwa imani. Hezekia aliongezewa miaka 15 na Mungu, na bado Isaya akaagiza jipu lake liwekwe mkate wa tini (2 Wafalme 20). Paulo alitembea na Luka, tabibu. Nani kati yao alikosa imani? Mtumishi anayewaambia washirika watupe dawa, mwulizeni yeye akiugua huenda wapi. Wengine tunajua, na huwa ni kwa ndege.

Mimi nina miaka 47. Nilipimwa mwezi uliopita, mjini, kwa pesa yangu. Dada anayeuza sukuma wiki pale langoni mwa kanisa hawezi.

Alhamisi kuna kikao cha wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, pale kwa chifu, saa nne asubuhi. Tunatoka kanisani saa tatu na nusu. Kina baba wa miaka 45 kwenda juu, nawataka ninyi hasa. Mkiona haya kutamka neno choo mbele ya mwakilishi wadi, nitalitamka mimi.