Kidonda cha Mzee na Dhana ya Urithi

Wiki iliyopita baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa safu ya kwanza katika msikiti wetu huku Temeke alinivuta kando, akanionyesha kidonda pembeni mwa ulimi wake. Kina miezi miwili. Nilipomuuliza kwa nini hajaenda hospitali, alijibu: "Katibu, marehemu baba aliondoka na maradhi ya kinywa. Ni ya ukoo wetu, limeshaandikwa." Midomo yake ilikuwa imekolea wekundu wa tambuu.

Urithi una sehemu yake, hilo halikanushwi. Mwili huvunja sumu na kurekebisha chembe zake zilizoharibika, na vinasaba ndivyo vinavyoifanya kazi hiyo iwe hodari kwa huyu na dhaifu kwa yule. Ndiyo maana wawili huvuta ugoro miaka thelathini, mmoja akaugua, mwenziwe akasalimika. Aliyesalimika ndiye tunayemtolea mfano barazani. Aliyeugua hayupo kujitetea.

Hata hivyo, kwa walio wengi vinasaba haviwashi moto pasipo kuni. Kuni zenyewe ni sigara, ugoro, kuberi, na pombe, ambayo ikikutana na tumbaku huzidisha madhara maradufu. Wengi hudhani popoo peke yake haina neno. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa husababisha saratani hata isipochanganywa na tumbaku. Tena hukakamaza mashavu kwa ndani hadi mtu ashindwe kupanua kinywa. Na sinia la tambuu bado tunalipitisha harusini!

Isitoshe, ukoo haurithishani damu pekee. Mzee huyu alijifunza tambuu kwa baba yake, juu ya mkeka mmoja. Mwanawe leo anabana kuberi chini ya mdomo. Nani atatenganisha kilichomuua babu, ikiwa ni nasaba au ni kijaluba?

Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, au baka jeupe au jekundu lisiloondoka, lionwe na daktari wa kinywa. Anzeni hospitali za rufaa za Temeke au Mwananyamala. Ikibidi, mgonjwa hupelekwa Muhimbili au Ocean Road. Saratani ya kinywa ikigunduliwa mapema hutibika.

Mzee alinisikiliza kimya, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nitakwenda na nani?"

Jumatatu baada ya Alfajiri, inshaAllah, nitakuwa mlangoni pake.