Muosha madirisha ana ndoo, ngazi na data yako

Watu wenye biashara ndogo za usafi hupenda kuniuliza swali moja, nadhani kwa sababu wanajua mimi ni mtu wa kompyuta: hii Sheria ya Kulinda Data inatuhusu kweli? Sisi tunaosha madirisha tu. Hatuna mitambo, hatuna tovuti. Tuna ngazi tatu, ndoo, sabuni na WhatsApp.

Jibu fupi: ndiyo, inawahusu. Jibu refu ni kwamba inawahusu kwa njia ambayo wengi hawaitarajii, na kwamba waliotunga kanuni za usajili walipima kitu ambacho si chenyewe. Hebu nieleze.

Tuanze na sheria yenyewe. Ilitiwa saini Novemba 2019 na ikaanza kazi tarehe 25 mwezi huo huo. Mzizi wake ni Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya faragha, na ndani yake haki ya habari za familia na mambo yake binafsi kutodaiwa wala kufichuliwa pasipo sababu. Aliyesoma sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 ataona hizi mbili ni ndugu. Kamishna wetu wa kwanza wa data, Bi. Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Halafu zikaja kanuni za 2021, na zile za usajili zikaanza kutekelezwa tarehe 14 Julai 2022.

Hapo kwenye usajili ndipo maneno yanapoanzia. Kanuni zinasema kwamba biashara ambayo mapato yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5 na ina wafanyakazi chini ya 10 halazimiki kujisajili. Litazame vizuri hilo neno "na". Masharti yote mawili lazima yatimie. Ipo pia orodha ya kazi ambazo zinasajiliwa hata zikiwa ndogo kiasi gani: shule, huduma za afya, kamari, huduma za kifedha, uchukuzi, usimamizi wa majumba na kadhalika. Kuosha madirisha hakumo.

Sasa tupige hesabu. Chukua jamaa anayeosha madirisha ya magorofa kule Kilimani na Kileleshwa. Ana wafanyakazi 12, anaingiza shilingi milioni 2 kwa mwaka, na wateja wake ni 60. Kwa kuwa wafanyakazi wake wamefika 10 na kupita, lazima ajisajili. Atalipa shilingi 4,000, kisha 2,000 kila anapohuisha cheti baada ya miezi 24. Upande wa pili niweke mimi, mwandishi wa programu. Ninaweza kuketi peke yangu mezani nikaunda programu ya simu yenye watumiaji 50,000, nikawa na majina yao, nambari zao na mahali walipo saa hii. Maadamu mapato yangu hayajafika milioni 5 na kazi yangu haimo kwenye ile orodha, usajili haunilazimu. Kati yetu wawili, ni nani akizembea atawaumiza watu wengi zaidi?

Simlilii yule jamaa kwa sababu ya shilingi 4,000. Hiyo si pesa ya kufunga biashara. Ninacholalamikia ni kipimo. Kazi ya mikono inataka mikono, kwa hivyo anayeosha madirisha atakuwa na watu wengi hata kama data yake inatosha kwenye daftari la shilingi 50. Kazi yetu ya kompyuta haitaki watu, inataka seva. Kuhesabu watu na pesa kulifaa enzi za viwanda. Kwenye mambo ya data, hesabu data: ni za watu wangapi, ni za aina gani, na zikivuja nani ataumia.

Kosa la pili ni letu sisi wananchi. Mtu akisikia halazimiki kujisajili anadhani amesamehewa sheria nzima. Hapana! Msamaha ni wa usajili tu. Kanuni za kutunza data zinamfuata hata mwenye mfanyakazi mmoja. Sheria inamwachilia mtu anayeshughulika na mambo yake binafsi au ya nyumbani kwake, yaani nambari za shangazi zako na marafiki zako. Nambari za wateja si mambo ya nyumbani.

Na hapa ndipo biashara ya madirisha inakuwa tofauti na kioski cha mandazi. Fungua simu ya msimamizi wa kazi uone kilichomo. "Mama Wanjiru, ghorofa ya 4, huwa kazini Jumanne na Alhamisi, funguo ziko kwa mlinzi." "Nyumba B7, nambari ya geti 4471, mbwa yuko nyuma." "Mzee anaishi peke yake, piga simu kabla ya kwenda." (Mifano nimeitunga, lakini aliyewahi kufanya kazi hii ataitambua.) Kwangu mimi huo ni mwongozo kamili wa mwizi. Nyumba, saa isiyokuwa na mtu, mahali pa funguo, na dirisha lipi halifungi vizuri.

Sheria yetu haikulala hapo. Kwenye orodha ya data nyeti, pamoja na afya, kabila na alama za vidole, imeweka pia maelezo ya mali ya mtu na maelezo ya familia yake, yakiwemo majina ya watoto, wazazi na mume au mke. Ile ya Ulaya haina mali kwenye orodha yake ya data nyeti. Hii ni yetu. Kwa maana hiyo daftari la muosha madirisha linaweza kuwa na data nyeti kuliko la muuza simu. Wengi wao hawajui, na wanaotoza pesa kuwafundisha hawawaambii, maana wako mbioni kuwauzia fomu.

Halafu kuna picha. Siku hizi kazi ya usafi inatangazwa kwa picha mbili, dirisha kabla na dirisha baada, zinawekwa Instagram au kwenye status ya WhatsApp. Ni tangazo zuri. Lakini kioo kilichooshwa vizuri kinaonyesha ndani! Unaona sebule, televisheni, picha ya harusi ukutani, mtoto akicheza kwenye zulia. Septemba 2023 Afisi ya Kamishna ilitangaza faini ya shilingi 4,550,000 kwa Roma School kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi, na shilingi 1,850,000 kwa kilabu cha Casa Vera kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Kuwa biashara ndogo si kinga hapo. Piga picha ya kioo kwa karibu, au uliza kwanza.

Na simu ikipotea? Tunaishi Nairobi, simu hunyakuliwa dirishani pa matatu mchana kweupe. Sheria inasema kama data imefikiwa na mtu asiyeruhusiwa, na kuna hatari ya kweli kwa mwenye data, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72, na mwenye data naye aambiwe. Ila kama ulikuwa umeweka ulinzi unaofaa, kwa mfano data imefungwa kwa maandishi ya siri yasiyosomeka bila ufunguo, huna lazima ya kumwarifu kila mteja. Simu nyingi za sasa hufanya hivyo zenyewe mradi umeweka nambari ya siri ya kufungulia. Kwa hiyo zile tarakimu ambazo msimamizi wako anaona ni usumbufu ndizo zinazokutenganisha na kupigia wateja 60 ukiomba radhi.

Lakini tusimwone muosha madirisha kama mshukiwa peke yake. Yeye pia ana data, na hakuna anayetoa data yake mara nyingi kama yeye. Kila geti anaacha nambari ya kitambulisho, jina na simu kwenye kitabu cha wageni kilichowazi mezani, ambacho kila anayeingia baada yake anakisoma akitafuta mstari wa kuandika. Wasimamizi wa majengo hudai nakala za vitambulisho na vyeti vya tabia njema vya wafanyakazi wote, kwa barua pepe, na nani anajua zinakaa huko miaka mingapi? Sheria inampa haki ya kuuliza zinatumiwaje, kuziona, na kutaka zifutwe zikishakosa kazi. Hao wasimamizi wa majumba wamo kwenye ile orodha ya lazima, wadogo kwa wakubwa. Basi kabla hawajamtaka mwenye ngazi alete sera ya faragha ya kurasa 15 ndipo apewe kandarasi, wafunge kwanza kile kitabu cha geti.

Sisi watu wa programu tuna mchango wetu katika fujo hii. Mtu anataka kalenda ya kukumbuka nani anaoshewa lini. Sisi tunampa fomu yenye tarehe ya kuzaliwa, nambari ya kitambulisho, jinsia, barua pepe na ramani, kwa sababu hifadhidata ni rahisi na nafasi ni bure. Mtu wa madirisha anahitaji vitu vinne: jina la kuita, nambari ya simu, mahali, na siku ya kazi. Basi. Data ambayo hukuichukua haiwezi kuibiwa, haihitaji nakala ya akiba, na hakuna saa 72 zake.

Kwa mwenye biashara, ushauri wangu ni huu, na hauhitaji mshauri wala wakili. Nambari za geti na mahali pa funguo zisiandikwe pamoja na jina la mwenye nyumba, na zisitumwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha vibarua wote. Mpe anayekwenda, siku anayokwenda. Mfanyakazi akiacha kazi, mtoe kwenye kikundi siku hiyo hiyo. Mteja akikuhama, mfute baada ya hesabu za kodi kumalizika. Nambari ya aliyelipa kwa M-Pesa si ruhusa ya kumtumia matangazo. Na akija mtu kukuambia lazima umwajiri afisa wa kulinda data, mwombe akuonyeshe kifungu: sheria inasema unaweza kumteua, haisemi lazima.

Kwa serikali, ningependa kanuni za usajili zibadilishwe ziangalie wingi na aina ya data badala ya idadi ya vibarua. Na mwongozo wa biashara kama hii uwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha mtu aliye juu ya ngazi, si cha mwanasheria.

Sheria hii ni nzuri na sitaki ilegezwe. Mama Wanjiru wa ghorofa ya 4 anastahili kujua kwamba siku zake za kutokuwepo nyumbani haziko kwenye simu za watu 12. Ninachotaka ni sheria imkamate anayestahili kukamatwa, na imwelekeze mwenye ndoo mahali penye hatari yenyewe. Nanyi mnaonaje? Wenye kampuni za usafi hasa, ningependa kusikia mnatunza vipi hizo nambari za geti.